Watu Sita wa Ejvind

Bendera ilipandishwa saa nne kamili asubuhi, keki ndefu ya lozi ikakatwa vipande, na watu wa mtaa wa bandarini wakaja na nguo zao za Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne, kwa sababu siku hiyo kelele ilikuwa inazikwa. Msiba gani huo, hauna mwenye kulia, na waombolezaji wanagombania keki?

Kelele yenyewe ilikuwa ya feni ya kiwanda cha unga wa samaki. Feni ilikaa juu ya shimo wanamomwagwa samaki wabichi, ikivuta hewa mbovu na kuitema juu kwa bomba nene ambalo mtu mzima angelala ndani akajigeuza. Miaka thelathini na saba bomba hilo lilinguruma, mchana na usiku, sikukuu na siku ya kazi, hata vikombe kabatini vikawa vinagongana meno. Sasa mafundi walikuwa wameunganisha kwenye bomba sanduku la chuma refu kama behewa, na ndani yake wamepanga kuta za pamba ya mawe, ili sauti iingie imevimba na itoke imekonda.

Kiti cha mbele kabisa alipewa Thyra, mama wa miaka sabini na minne, mwembamba, mkaidi. Ni yeye aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba kwa miaka mitano akikusanya sahihi za kuipinga kelele ile. Kando yake aliketi mumewe, Ejvind, aliyekuwa msimamizi wa shimo la samaki mpaka alipostaafu. Kichwa cha Ejvind kilikuwa kimeanza kuvuja. Alijua kufunga kamba za viatu vyake vizuri sana, lakini hakujua ni mwaka gani.

"Leo ni harusi yako, Thyra," alisema Gudrun, jirani wa ukuta mmoja, mdomo umejaa keki. "Mimi leo nitalala mpaka nikojoe kitandani."

"Gudrun! Watu wanakula."

"Wale tu. Wenzangu wote hapa hawajalala tangu enzi za mfalme."

Mkuu wa kiwanda, Bwana Kragelund, alisema maneno machache, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia. Kisha akamtazama Sidsel, mama mpimaji wa sauti, aliyesimama na kifaa chake. Sidsel akaitikia kwa kichwa. Kragelund akavuta wenzo. Hewa ikageuzwa njia, ikapita kwenye sanduku.

Kwanza walisikia shakwe. Kisha wakasikia kamba ya bendera ikipiga mlingoti, ti, ti, ti. Mtu mmoja akasema, "Mungu wangu," na wote wakamsikia, wakaanza kupiga makofi.

Kikombe cha Ejvind kilianguka kikapasuka. Alikuwa amesimama.

"Feni imekufa!" alipiga kelele. "Tokeni! Tokeni wote! Nina watu sita chini!"

Watu walicheka. Ejvind alijulikana kwa mizaha, maisha yake yote alikuwa mtu wa kutega vitendawili na kuchokoza wenziwe. Lakini alimkamata Bwana Kragelund kwa kola ya koti, akaanza kumburura kuelekea getini kama mtu anayemtoa mwenzake motoni, na vicheko vikafa kimoja kimoja, kama taa za mtaa.

"Ejvind, mume wangu, feni inafanya kazi," Thyra alisema akimbandua vidole. "Njoo uweke mkono kwenye bomba. Si unaona linatetemeka?"

"Mkono wa nini? Nina masikio."

Na hapo hakukosea. Samaki wakianza kuoza shimoni hutoa gesi, na gesi hiyo huiua pua kwanza, mwenye pua hufuata. Jicho haliioni. Kwa hiyo watu wa shimo walibakiwa na sikio tu, na Ejvind aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake sheria moja: feni ikinyamaza, usiulize, kimbia. Aliijua sheria hiyo kwa gharama. Zamani kiwanda kilikuwa na feni ndogo, ikazimika siku moja na hakuna aliyetambua. Watu sita walikuwa shimoni. Walitoka watano. Wa sita alikuwa Henning, kaka yake Thyra. Baada ya mazishi ndipo kiwanda kikanunua feni kubwa, ya kusikika hata na kiziwi, na ni hiyo ambayo Thyra alilala nayo miaka thelathini na saba akiichukia, kwa kuwa ilikuja kaka yake ameshakwenda.

*

Kabla ya chakula cha mchana kesho yake Ejvind alikuwa ametoka mara tatu. Mara ya nne Thyra alimkuta barazani, buti moja la mpira mguuni, jingine mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Zamu."

"Zamu ulimaliza zamani, Ejvind. Ulipewa na saa ya ukutani."

"Basi nani yuko shimoni?"

"Hakuna mtu. Siku hizi ni mashine tu."

"Hata Henning?"

Thyra alikuwa na kisu cha mkate. Akakiweka chini.

"Hata Henning hayumo."

"Amekuambia mwenyewe?"

Thyra alijaribu kumdanganya. Aliwasha feni ya juu ya jiko, akaifungulia mpaka mwisho. Ejvind akasimama akaisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma. "Hiyo ya kukaangia, mke wangu," alisema. "Mimi nina watu sita." Thyra akawasha mashine ya kufyonza vumbi. Ejvind akamwinulia miguu ili afagie chini ya kiti, kisha akaenda zake mlangoni.

Ijumaa alikutwa ukingoni mwa gati bila viatu, upepo wa magharibi umempandisha shati mpaka kifuani, mgongo wake mweupe uko wazi mbele ya wavuvi. Walimrudisha kwa gari la samaki. Lisbet, muuguzi wa manispaa aliyekuwa akija kila wiki, alikaa jikoni na hakuvua koti.

"Bi Thyra, nikisema nitasema mara moja. Akitoka tena akakutwa mahali pa hatari, sitaweza kuficha. Watampeleka nyumba ya wazee, ile yenye mlango wa kufunguliwa kwa namba."

"Iko kilomita arobaini."

"Najua."

"Mimi siendeshi gari."

"Najua, mama yangu. Ndiyo maana nasema kabla."

*

Jumatatu Thyra alivaa koti lake la kanisani akaenda kiwandani kuomba kelele. Bwana Kragelund alimkaribisha, akammiminia kahawa mwenyewe, akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka.

"Yaani unataka nirudishe sauti."

"Mchana tu. Masaa mawili matatu. Wenzo si upo?"

"Upo. Naweza kuuvuta sasa hivi. Kesho halmashauri wananifungia kiwanda, na watu mia na arobaini wanarudi nyumbani." Akatoa faili nene kwenye kabati. "Kwa sheria ambayo wewe uliililia. Hizi ni barua zako, Bi Thyra. Soma hii. 'Mwanadamu hakuumbwa aishi na sauti hii.' Uliandika vizuri. Mimi mwenyewe nilikubali."

"Niliandika nikiwa na hasira."

"Miaka mitano ya hasira?" Akafunua kurasa za sahihi. "Na ukitaka kujua iliyotumaliza ni ipi, ni hii. Ya Ejvind. Tulisema, kama msimamizi wa shimo mwenyewe ametia sahihi, sisi tutajibu nini?"

Thyra aliitazama sahihi ile. Herufi zililala kulia, na herufi za Ejvind hazikuwahi kulala kulia. Zinazolala kulia ni za Thyra. Miaka yote Ejvind alikataa. Alikuwa akisema, "Sitii sahihi. Ile si kelele, ile ni mlinzi." Kisha ikafika siku alisahau alichokuwa anakikataa, na Thyra akamwekea kalamu mkononi, akaushika mkono kwa juu. "Andika jina lako, mpenzi." Naye akaandika, akafurahi kuona bado anaweza.

"Kahawa yako inapoa," alisema Kragelund.

Sidsel, mpimaji wa sauti, alikuwa ofisini akimalizia karatasi zake, na alisikia yote. Alimkimbilia Thyra kwenye ngazi.

"Bi Thyra, ninayo."

"Una nini?"

"Sauti. Unakumbuka nilikuja kupima jikoni kwenu, mwaka juzi? Nilirekodi dakika kumi na mbili. Sisi hatufuti."

*

Sidsel alileta spika kubwa kama sanduku la safari, kwa sababu ngurumo nzito haitoki kwenye kitu kidogo, akaiweka chini ya meza ya jikoni. Ejvind alikuwa mlangoni tena na buti lake. Sidsel akabonyeza. Vikombe vikaanza kugongana meno.

Ejvind alisimama. Akainamisha kichwa. Akavua buti.

"Wameitia mafuta," alisema. "Nilimwambia fundi." Akavuta kiti, akaomba samaki wa siki na mkate mweusi, akala vipande vinne. Jioni alimtazama mkewe kwa muda mrefu, akasema, "Umepunguza nywele, Thyra." Alikuwa amezipunguza tangu Pasaka.

Siku tisa nyumba ile ilikuwa nyumba. Lisbet alikuja akavua koti. Thyra alijifungia ndani ya kelele aliyoichukia kuliko shetani, akamenya viazi, akaimba kwa sauti kubwa ili ajisikie.

Jambo moja tu. Dakika ya kumi na moja ya ile rekodi kulikuwa na kiti kinachoburuzwa, kisha sauti ya mwanamume, nzima, ya kuchokoza, iliyojaa kicheko:

"Kitendawili!"

Na sauti ya Sidsel, ya kunong'ona: "Tega."

"Akiimba nalala, akinyama—"

"Nyamaza wewe! Hujui mtu anapima?"

Huyo wa mwisho alikuwa Thyra. Baada ya hapo ni ngurumo tupu mpaka mwisho, safi, hakuna anayesema. Ejvind alikuwa amenyamaza kama alivyoambiwa. Rekodi ilipoisha ikaanza upya, na kila baada ya dakika kumi na mbili, kutwa kucha, Thyra alimsikia mumewe mzima akianza kusema naye, na akajisikia mwenyewe akimkatiza. Sidsel alisema angeweza kupakata hapo pale. Thyra alikataa. Sauti ile haikuwepo mahali pengine popote duniani.

Siku moja aliketi mbele ya mumewe akamshika magoti.

"Ejvind. Malizia. Akiimba nalala..."

"Akiimba nani?"

"Wewe ndiye uliyetega. Akiimba nalala, akinyamaza je?"

Ejvind alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia. "Vitendawili ni vya watoto, dada," alisema. "Mimi niko kazini."

Siku ya tisa Gudrun alikuja mchana, amevaa kanzu ya kulalia, macho mekundu. Hakubisha hodi.

"Thyra, nakuuliza kama rafiki. Nina wazimu au naisikia?"

"Unaisikia."

Gudrun aliinama akachungulia chini ya meza. Akabaki ameinama. "Tumeifukuza nje, wewe umeifungulia mlango wa jikoni."

"Nimeipunguza."

"Ile haipunguziki, unajua kuliko mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unatufundisha mikutanoni! Inapita ukutani, inaingia kwenye mto, inaingia kwenye meno. Nimelala wiki moja, Thyra. Moja, katika maisha yangu ya utu uzima. Asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani nimekufa, nikafurahi."

"Nikizima, watamchukua."

"Na mimi nikachukuliwe na nani?"

Walitazamana. Walikuwa wametembea pamoja miaka mitano kwenye mvua na karatasi za sahihi chini ya makoti. Ejvind alikuwa anakula supu yake kwa utulivu, kitambaa kimefungwa shingoni.

"Yeye ana raha," alisema Gudrun, na sauti yake ikavunjika. "Ona, ana raha. Ningekuwa mtu mwema ningeenda zangu. Siwezi. Nisamehe, siwezi."

"Wewe ni mtu mwema."

"Basi zima."

Thyra aliinama chini ya meza. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti. Alipoinuka, Ejvind alikuwa ameacha kijiko hewani.

*

Ilikuwa siku ya pili baada ya hapo. Thyra alitoka kuanika shuka, shuka mbili tu. Aliporudi, mlango ulikuwa wazi.

Mlinzi wa getini alimfahamu Ejvind, akampigia saluti, akamwambia, "Shikamoo mzee, umekuja kutusalimia?" Ejvind akapita. Hakukosea kona hata moja. Alifika kwenye shimo, akafungua kifuniko kizito ambacho vijana wa sasa hukifungua wawili, akaingiza kichwa na mabega ndani, akaanza kuita majina. Karsten. Villy. Aage. Poul. Svend. Henning. Alipofika Henning alirudia, tena na tena, na kila mara sauti ilikuwa inalegea. Wafanyakazi wawili walimvuta kwa mkanda wa suruali. Alimpiga mmoja akamtoa damu puani, akawaambia ni waoga, wanamwacha mtu.

Alipopata nafuu, Lisbet alikuja na karatasi. Hakuisoma kwa sauti.

"Alhamisi," alisema. "Saa tano."

"Kuna chumba chenye dirisha?"

"Kipo. Linaangalia bustani."

"Hatapenda bustani," alisema Thyra, akatia sahihi.

*

Alhamisi sanduku lilikuwa tayari mlangoni: nguo za ndani saba, wembe, sweta ya bluu. Gari la manispaa lilisimama nje na wanaume wawili wakubwa ndani yake. Ejvind alikuwa dirishani jikoni, ameshika kizingiti kwa mikono miwili, anatazama bomba.

"Twende, Ejvind," alisema Lisbet. "Kuna kahawa huko."

"Siendi popote. Wametoka watano."

"Wametoka wote, babu."

"Usinifundishe kuhesabu, binti. Watano."

Thyra alimshika bega. "Ejvind, ni mimi. Twende, mume wangu."

Alimtazama mkono, kisha uso. "Mama," alimwambia, kwa adabu kabisa, "kaa mbali na hapa. Hapa kuna gesi."

Lisbet akamvuta Thyra kando. "Nikiwaita wale wawili watambeba. Lakini nisingependa uone akibebwa. Nenda chumbani, ufunge mlango."

Thyra hakwenda chumbani. Alivua aproni, akaitundika. Akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba kwa nje, upepo ukamtimua zile nywele fupi zikasimama, akaingia kwa mlango wa nyuma, ule unaotazama kiwandani, bila kubisha, kama alivyokuwa akiingia kaka yake. Watu walikuwa wakisema wamegawana paji la uso, yeye na Henning, utadhani limekatwa na kisu kimoja.

"Bosi," alisema.

Ejvind aligeuka.

"Nani?"

Thyra alinyoosha mabega kama mwanamume. Akasogea hatua moja.

"Henning."

Ejvind aliachia kizingiti. Alimwendea polepole, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamgeuza kwenye mwanga. Akapitisha vidole gumba chini ya macho yake.

"Yanakutoka maji."

"Ndiyo."

"Ni gesi hiyo. Itaacha." Akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka, kama ya mtu anayetua gunia alilobeba tangu mji wa mbali. "Sita," alisema. "Ulikuwa wapi muda wote huo, mpumbavu wewe? Dada yako amelia mpaka nimeogopa kurudi nyumbani."

"Nilikuwa nakuja."

"Basi nenda kwake. Sasa hivi, usipitie kilabuni. Mwambie umetoka."

"Nitamwambia."

Ejvind akachukua kofia yake msumarini. Akamkuta Lisbet ameshika mlango, akamshukuru. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari, akawapa mikono wale wanaume wawili, akaketi mbele. Gudrun alikuwa mlangoni kwake, ameziba mdomo kwa kiganja. Gari lilipoanza kusogea, Ejvind alishusha kioo.

"Henning! Mwambie Thyra nitachelewa kidogo. Ale, asiningoje."

"Nitamwambia," alisema Thyra.

Gari likapita mbele ya geti la kiwanda, na Ejvind hakugeuza hata kichwa.